Ubalozi Mdogo: Ofisi ya Raia Aliye Mbali na Nyumbani

Kondele na Nyalenda hapa Kisumu, na vijijini Siaya na Busia, si vigumu kukuta familia yenye mtoto anayefanya kazi za nyumbani au ulinzi Saudia au Qatar. Pasipoti watu wanaijua vizuri. Wasichokijua wengi ni mlango wa kubisha mambo yakiharibika huko ugenini.

Ubalozi hukaa katika mji mkuu na kushughulikia mambo ya serikali kwa serikali. Ubalozi mdogo hushughulikia mtu mmoja mmoja, na mara nyingi huwekwa penye biashara au raia wengi. Kenya ina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Ina ubalozi Washington na ubalozi mdogo Los Angeles. Pasipo na ofisi ya namna hiyo, huduma zilezile hutolewa ndani ya ubalozi wenyewe.

Biashara ndiyo iliyozaa kazi hii. Marekani iliandikiana mkataba na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Zanzibar kama balozi mdogo, kuwatetea mabaharia na wachuuzi wa nchi yake waliofuata pembe za ndovu na sandarusi. Waters naye alikuwa akifanya biashara papo hapo. Mwingereza Hamerton alifika mwaka 1841, naye akiwa balozi mdogo wa nchi yake. Desturi za namna hiyo, zilizotofautiana nchi hadi nchi, zilikuja kuwekwa pamoja katika Mkataba wa Vienna wa 1963.

Ndani ya mkataba huo, kifungu cha 36 ndicho ningependa kila anayesafiri akijue. Ukikamatwa ugenini, polisi wanapaswa kukueleza bila kuchelewa kwamba una haki ya ubalozi wako kujulishwa. Ukitaka, lazima waujulishe. Maafisa wake wana haki ya kukutembelea rumande na kukutafutia wakili. Ujerumani iliishtaki Marekani kwa sababu ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, hawakuelezwa haki hiyo. Waliuawa Arizona mwaka 1999, Karl kwa sindano ya sumu na Walter kwa gesi, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua mwaka 2001 kwamba Marekani ilivunja mkataba.

Mengine ni ya kila siku: pasipoti mpya, hati ya dharura ya kurudi nyumbani, kusajili mtoto aliyezaliwa huko, karatasi za kusafirisha mwili wa marehemu. Lakini balozi mdogo hawezi kumtoa mtu jela wala kuamuru mahakama ya wenyewe. Nauli na gharama za jeneza pia, kwa kawaida, si zake, na hapo ndipo familia nyingi huumia, kwa kuwa zilitarajia serikali ilipe.

Anayesafiri aiachie familia nakala ya pasipoti, jina la mwajiri na mji anakokwenda, kisha ajiandikishe ubalozini akifika. Mwajiri akiishika pasipoti, ubalozi uambiwe: kitabu hicho ni mali ya serikali ya Kenya. Simu ya mtoto ikizimika, jamaa aliyeko Kisumu anaweza kuanzia Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, akiwa na nakala hiyo mkononi.