Namba 96 haimwambii mpokeaji chochote

Nimeulizwa tena: "Mbona nimeweka 96 pande zote mbili na picha haiji? 96 si ndiyo H.264?" Siyo. H.264 ni fomati ya video, na 96 haijawahi kuwa jina lake.

Kwenye RTP, yaani utaratibu wa kupeleka sauti na video mtandaoni, kila pakiti hubeba namba ya aina ya mzigo, na 96 hadi 127 ni za kupatana. Fomati za sauti za simu zina zake za kudumu: PCMU ina 0, PCMA ina 8. Hizi nyingine mnapangiana wenyewe. Mtiririko huu 96 ni H.264, unaofuata ni Opus ya sauti, mwingine ni fomati uliyoibuni wewe kubebea vipimo vya kamera ya joto. Maana yake iko nje ya pakiti, kwenye SDP, maandishi yanayoeleza mtiririko: a=rtpmap:96 H264/90000. Bila mstari huo, mpokeaji anapata kichwa cha baiti 12 na rundo la baiti zisizo na jina.

Kwa hiyo ukiwa na fomati yako: ipe jina, chagua namba, maelezo yapeleke kwa njia nyingine, iwe RTSP au SIP (itifaki za kuanzisha mawasiliano) au hata faili. Kama pande zote zinatumia GStreamer (maktaba ya kuchakata sauti na video), kipande chake kiitwacho rtpgstpay kinabeba maelezo ndani ya mtiririko na mambo yameisha. Ila usitarajie programu nyingine ikuelewe.

Sasa hiyo /90000, ambayo kila mtu anaikopi bila kuisoma. Ni kasi ya saa: namba ya muda iliyo kwenye kila pakiti inapanda kiasi gani kwa sekunde. Si milisekunde jamani! Video ya fremu 25 kwa sekunde inaongeza 3600 kila fremu. Kuna jamaa programu yake ilikuwa inaongeza 40, kwa kuwa "fremu moja ni milisekunde 40". Mpokeaji akipiga hesabu anaona video ya sekunde nzima inatakiwa iishe ndani ya milisekunde 11. Fremu zinafika kwa wakati wake, yeye anaziona zimechelewa, anazitupa. Jamaa akalaumu mtandao, akanunua swichi mpya.

Halafu pakiti zote za fremu moja zinabeba namba ya muda ileile. Inayopanda kila pakiti ni namba ya mfuatano. Ya muda ina biti 32, kwa hiyo kwa 90000 inajaa baada ya saa 13 na robo hivi na kuanza upya. Programu inayoshinda vizuri mchana kutwa na kufa usiku, anzia hapo.

Utaambiwa saa ya sauti ni sawa na kasi ya kusampuli. G.722, fomati nyingine ya sauti, inasampuli mara 16000 kwa sekunde lakini inaandikwa 8000, kwa sababu hati ya kanuni RFC 1890 ya mwaka 1996 ilikosea, na kosa likaachwa makusudi vifaa vya zamani visije vikagoma. Opus nayo ni 48000 daima, hata sauti iwe ya masafa finyu vipi.

Kwa vipimo visivyokuja kwa mpangilio, saa ipi inafaa? Mimi huweka 90000 ili nilinganishe na video kwa urahisi. Hoja nzito zaidi ya hiyo sina. Ile biti ya alama iliyo kwenye kichwa cha pakiti pia: kwenye video ni mwisho wa fremu, kwenye sauti huwa mwanzo wa maneno baada ya kimya. Kwenye fomati yako amua mwenyewe, uandike.

Na ukataji wa pakiti kubwa usimwachie IP, tabaka la mtandao. Kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima imekwenda. Mimi hukata kwenye baiti 1200, na kila kipande nakipa baiti moja ya kusema ni cha mwanzo, cha kati au cha mwisho.