Kabla ya kusaini zabuni ya hadubini

Idara ikipata fedha za hadubini mpya, mazungumzo huanzia juu kabisa: hadubini ya leza, ile inayopiga picha za seli tabaka kwa tabaka. Kwa utafiti wa uzamivu, sawa. Kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ningenunua kwanza hadubini za fluoresensi, zinazomulika sampuli kwa mwanga wa rangi moja na kuonyesha mwanga wa rangi nyingine unaotoka humo, zenye taa za LED na kamera nzuri, kwa sababu hizo mwanafunzi wa mwaka wa pili atazishika mwenyewe. Ile ya leza atasimama nyuma ya fundi akitazama skrini.

Taa si jambo dogo. Taa ya zebaki ya wati 100, ile ya zamani ya hadubini hizi, hufikia ukomo baada ya saa 200 hivi, na ukiizima huna budi kuisubiri ipoe kabla ya kuiwasha tena. LED huwaka papo hapo na kudumu maelfu ya saa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza LED zichukue nafasi ya taa za zamani za hadubini za fluoresensi katika kupima kifua kikuu, na kipimo hicho ni somo zuri mno. Slaidi ikishatiwa rangi ya auramini na kumulikwa kwa mwanga wa bluu, bakteria huonekana kama vijiti vyembamba vya kijani-njano gizani. Hapo swali huja lenyewe: mwanga umeingia wa bluu, mbona umetoka wa kijani?

Kisha soma maandishi ubavuni mwa lenzi. Utakuta, kwa mfano, 40/0.65. Wauzaji husifia namba ya kwanza, ya ukuzaji, lakini ya pili, ya uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, ndiyo inayoamua lenzi itatenganisha vitu vidogo kiasi gani. Kwa mwanga wa kijani, 0.65 hukomea karibu nusu mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lenzi ya 40/0.95 hushuka hadi karibu theluthi moja ya mikromita. Ukuzaji ni uleule, picha si ileile.

Kwetu pwani, adui mkubwa ni unyevu. Kuvu huota juu ya lenzi, nyuzi kama utando wa buibui, na huweza kuharibu kioo moja kwa moja. Kabati kavu lenye silika ya kunyonya unyevu, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), vipuri na mafunzo ya fundi wa maabara viandikwe ndani ya zabuni yenyewe. Na malipo ya mwisho yasitoke mpaka mzabuni afunge mashine na kutuonyesha slaidi zetu, si zake.