Flai yako haina shida, angalia mshipi

Jamani swali ni lile lile, mtu kashinda kijitoni hajapata samaki trauti hata mmoja anakuja kuniuliza "kwani wewe unatumia flai gani?" (flai ni ile ndoano iliyovikwa manyoya, mara nyingi ifanane na mdudu) na nikimwambia ni hiyo hiyo aliyonayo yeye haamini, anadhani namficha. Sifichi kitu. Trauti aliyezaliwa mtoni mara nyingi hajakataa manyoya yako, kakataa yanavyotembea.

Huyu samaki anakaa kichwa kimeelekea maji yanakotoka, hasa pale maji ya kasi yanapopakana na ya polepole, anatulia kwenye ya polepole huku ya kasi yanampitishia chakula. Mdudu aliyeanguka majini anaenda kasi ya maji yaliyombeba, basi. Sasa wewe mshipi wako, yaani uzi wa kuvulia, umelala kukatisha mto, katikati maji yanakimbia, pembeni yanatambaa, mshipi unapinda tumbo na tumbo linaanza kuburuta flai, flai inachora mstari kama boti. Hapo umeshaharibu. Na kibaya zaidi ni ule mburuto usiouona, uko mita kumi unaona flai inaelea safi kabisa kumbe inasogea kidogo tu kwenda upande ambao maji hayaendi, na samaki anaona. Angalia povu! Flai ikilitangulia povu lililo kando yake au ikiachwa nyuma, unaburuta, hakuna mjadala.

Dawa ni kusogea karibu, sijui kwa nini watu wanapenda kurusha mbali hivyo. Pitia nyuma ya samaki, chuchumaa, mshipi mchache uguse maji. Kama lazima ukatishe mkondo, mshipi ukitua tu nyanyua lile tumbo ulilaze upande maji yanakotoka kabla halijavutwa, na nailoni nyembamba ya mwisho iwe ndefu na ianguke imelegea. Kurusha kwenyewe kajifunzie kwenye nyasi.

Halafu kuna hili la macho. Mwanga unapinda ukiingia majini, kwa hiyo trauti anaona ya nje kupitia duara moja juu yake, upana wa pembe ya nyuzi kama 97, nje ya hapo uso wa maji kwake ni kioo. Akiwa kina cha sentimita 30 duara lake ni kama sentimita 68, akipanda juu kula linabana zaidi. Flai ikipita pembeni huenda hata hajaiona vizuri, na wewe tayari unakata nailoni ufunge nyingine! Rudia kwanza.

Sisemi flai haijalishi. Kuna jioni wadudu wa aina moja wanatoka kwa wingi na trauti wanachagua kweli kweli, hapo anza na ukubwa, kisha umbo, rangi mwisho. Ila vitabu vina uhakika kunizidi hapa, maana kuna flai za kung'aa zisizofanana na mdudu yeyote na zinakamata, na kila maelezo niliyosikia hayajaniridhisha. Na kama hakuna samaki anayevunja maji using'ang'anie flai ya kuelea, trauti anakula zaidi chini, tunutu (wadudu wachanga) wanaosombwa kutoka kwenye mawe, zamisha flai.

Na wanaobadilisha flai mchana kutwa kwenye joto, pimeni maji. Yakipita nyuzi 20 za Selsiasi oksijeni imepungua, samaki hana nguvu ya kuhangaika na chochote, na hata ukimkamata ukamrudisha akaogelea zake anaweza kufa baadaye. Funga ufito, urudi alfajiri.