Kama ni hesabu zile zile, basi nipeni mshahara wa mhasibu

Jumapili nilipanda Kibosho kwa dada yangu. Sijakaa vizuri kwenye kiti, shemeji akanitolea shauri lake: binti yake kamaliza kidato cha sita, kasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), hisabati kafaulu vizuri, sasa anataka kuomba chuo. Achague hisabati ipi? Nikafungua mdomo, lakini jibu alikuwa nalo tayari. "Si zote ni hesabu tu, shemeji? Huko juu namba zinakuwa kubwa zaidi, basi. Mimi nimemwambia achukue takwimu, ile nyepesi."

Maneno hayo nimeyasikia ndani ya daladala ya Majengo, nimeyasikia msibani, nimeyasikia kwa mwenye duka ninaponunua mkate. Nayasikia zaidi kwenye kamati za harusi, ambako nateuliwa kuwa mweka hazina kila mara kwa hoja kwamba mwalimu wa hesabu hapotezi hela. Nimezipoteza. Kuna harusi moja daftari la michango liliizidi pesa iliyokuwa mkononi kwa shilingi 30,000, na mpaka leo sijui zilipitia wapi. Nilizilipa mfukoni kimya kimya. Husimuliwa kwamba Alexander Grothendieck, mmoja wa vigogo wa hisabati wa karne iliyopita, aliombwa atoe mfano wa namba tasa akataja 57. Ni 3 mara 19. Kwa hiyo nawasihi, michango mpeni mhasibu.

Nafundisha chuo kimoja hapa Moshi, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kila mwaka wa masomo ukianza napokea vijana ambao kwa miaka sita wamefundishwa kwamba swali la hisabati lina jibu, na jibu ni namba unayoipigia mistari miwili chini. Wengi ni hodari kweli, wamemeza mitihani ya nyuma yote. Halafu semista ya kwanza inawapiga sapu, yaani mitihani ya marudio, wale wale waliokuwa wakiongoza darasa, na wenzao wanasema masomo yamekuwa magumu. Hayajawa magumu kwa namna wanayodhani. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuweka kalamu chini. Kila tawi lina sheria yake ya kukuambia umemaliza, na mtu asiyejua yuko tawi gani anaendelea kukokotoa wakati swali lilishaisha, au anafunga daftari wakati halijaanza.

Chukueni kipeuo cha pili cha 2. Fundi aliyenitandikia tailizi za sentimita 60 kwa 60 alitaka kukata moja kona kwa kona. Akaweka tepu: "Themanini na tano kasoro kidogo." Akakata, ikakaa. Jibu refu ni 60 mara kipeuo hicho, yaani 84.85 na mkia usioisha, lakini yeye alimaliza, na alikuwa sahihi kumaliza. Mtu wa hisabati ya ukadiriaji ni ndugu yake fundi, ila yeye anadaiwa kitu kimoja zaidi: aseme hiyo "kasoro kidogo" haizidi kiasi gani. Anaanza na 1.5, anagawa 2 kwa 1.5, anachukua wastani wa hizo mbili, anapata 17/12. Anarudia, anapata 577/408, ambayo ni 1.4142157, na kosa lake ni kama sehemu mbili katika milioni. Kuna kibao cha udongo cha Babeli chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, siku hizi kiko Chuo Kikuu cha Yale, ambacho kipeuo hicho kimeandikwa sahihi mpaka tarakimu tano baada ya nukta. Mambo ya zamani sana haya.

Ukienda nadharia ya namba, tarakimu hizo hazimsisimui mtu. Swali la huko ni kama kipeuo hicho ni sehemu, yaani namba nzima juu ya namba nzima. Siyo. Kama ingekuwa sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, ya juu ingelazimika kuwa shufwa, kisha ya chini nayo ingelazimika kuwa shufwa, na sehemu iliyorahisishwa haiwezi kuwa na shufwa juu na chini. Mistari minne, weka kalamu chini.

Aljebra ndiyo inayoniburudisha. Huko hawataki hata kujua namba hii ni kubwa kiasi gani. Ni kitu fulani ambacho ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe unapata 2, imetosha. Sasa, kile chenye alama ya kutoa mbele nacho ukikizidisha chenyewe unapata 2, na mkivibadilishana kila mahali, hakuna kujumlisha wala kuzidisha kutakakoharibika. Kwa macho ya aljebra ni mapacha. Mwanahisabati Mfaransa Évariste Galois aliiona nguvu ya kubadilishana huku akafa kwa risasi mwaka 1832, ana miaka 20, na sisi tunaiweka mwaka wa tatu ili watu wasidisko, yaani wasiondolewe chuo kwa kufeli, mapema.

Halafu kuna analisisi, tawi linalochunguza misingi ya kalkulasi. Hapa naomba subira yenu, maana ndipo ugomvi wangu na madarasa yote ulipo.

Analisisi inauliza: una uhakika gani kwamba kitu hicho kipo? Darasa linacheka. "Mwalimu, si hiki hapa kwenye kikokotoo?" Sawa. Kikokotoo kinasema 1.414213562. Kifute, andika tarakimu hizo upya kwa mkono, zizidishe zenyewe kwa zenyewe. Inakuja 1.999999999. Siyo 2. Ongeza tarakimu, bado siyo 2. Nadharia ya namba imeshatuhakikishia kwamba hakuna sehemu yoyote itakayofika, na desimali inayoishia mahali ni sehemu tu iliyovaa nguo nyingine. Kusanya basi sehemu zote ambazo mraba wake uko chini ya 2. Hakuna iliyo kubwa kuliko zote. Ukinitajia moja, nakutajia iliyoizidi. Upande wa pili hivyo hivyo, hakuna iliyo ndogo kuliko zote. Katikati pana ufa. Ile mistari ya grafu mliyochora toka kidato cha pili ikapita kwa madaha pale katikati, nani aliwaambia pana kitu cha kukanyaga?

Nao siyo wajinga kutoliona hilo. Mwanahisabati Mjerumani Richard Dedekind alikuwa anafundisha kalkulasi huko Zürich mwaka 1858 alipotambua kwamba anachowaambia wanafunzi kuhusu vikomo hakina msingi anaoweza kuuonyesha. Dawa yake ilikuwa kuuchukua ufa wenyewe na kuupa cheo cha namba. Aliichapisha mwaka 1872. Miaka kumi na minne ameikalia! Sisi tunampa mtoto wa mwaka wa kwanza wiki mbili na desa la kurasa nane.

Nikiri jambo. Mimi analisisi nilipata B+ bila kuielewa. Nilikariri zile hoja za epsiloni (herufi ya Kigiriki inayosimamia kosa dogo linalovumiliwa) jinsi mtu anavyokariri sala ya lugha asiyoijua, nikazimwaga kwenye karatasi, nikashangiliwa. Nilikuja kuielewa mwaka wa tatu wa kuifundisha, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliponiuliza kwa nini epsiloni inachaguliwa kwanza, nikagundua sina jibu. Inachaguliwa kwanza kwa sababu siyo yako. Ni ya mpinzani wako. Yeye anataja kosa analolivumilia, wewe unatafuta namna ya kubaki ndani yake, na lazima uwe tayari kwa lolote atakalotaja. Kwa hiyo sijui kama ni haki kumdisko mtu kwa kutoelewa katika semista moja kitu kilichonichukua mimi miaka sita. Tunafanya hivyo. Sina pendekezo.

Kinachowazuia ni imani kwamba mifano ikitosha, jambo limethibitika. Kila mwaka nachora duara ubaoni. Naweka nukta mbili pembeni mwake, naziunganisha kwa mstari, duara linakatika vipande 2. Nukta tatu, zote ziunganishwe: 4. Nne: 8. Tano: 16. "Sita?" Darasa zima, kwa sauti moja: "Thelathini na mbili!" Nawaambia wachore, wahesabu. Dakika ishirini za kelele. Mmoja anapata 30, jirani yake anapata 31, wa 32 hatokei, na kila mwaka kuna anayedai nimeficha kipande.

Aliyepata 30 kapanga nukta zake kwa nafasi sawa, kwa hiyo mistari mitatu imekutana pale pale katikati na kipande kimoja kimemezwa. Sogeza nukta moja kidogo, kinajitokeza kama kipembetatu kidogo sana, 31. Hakuna namna ya kupata 32. Kila mstari mpya unaongeza kipande kimoja, na kila makutano yanaongeza kimoja kingine. Mistari ni jozi za nukta, 15. Kila nukta nne zinatoa makutano mamoja, nayo ni 15. Jumlisha duara lenyewe ulilokuwa nalo mwanzo. Nukta saba zitakupa 57, ile ile ya Grothendieck. Kumi zitakupa 256, yaani kipeo cha 2 kimerudi kukudhihaki, tena siyo kile ulichokuwa unakitarajia.

Shemeji angeniambia: tano zilikubali, kwa nini ya sita isikubali? Hapo ndipo naishiwa pumzi.

Sasa hiyo takwimu "nyepesi". Wanaoikimbilia ni majeruhi wa analisisi, na wanafika wakiwa na furaha, maana wastani unautafuta kwa kujumlisha na kugawa. Kwenye matawi yale mengine ukimaliza umemaliza. Kwenye takwimu kazi ni kusema ukweli ukiwa huna uhakika, na kupima jinsi usivyo na uhakika. Waulize wakulima wa kahawa 400 waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu swali la ndiyo au hapana, jibu lako litayumba kama asilimia 5 kila upande. Unataka kuyumba nusu ya hapo? Hutaongeza 400 wengine. Unahitaji 1,600, kwa sababu kosa linapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi (ndiyo, kimerudi tena). Na kama hukupiga kura, umewakuta tu sokoni siku ya soko, uliza hata 16,000: umewajua vizuri sana watu wanaokwenda sokoni.

Mbaya zaidi ni ile "asilimia 95". Ukiripoti kwamba jibu liko kati ya 40 na 50 kwa uhakika wa asilimia 95, kila mtu anasoma kwamba kuna nafasi 95 katika 100 kwamba ukweli umo humo. Sivyo. Ukweli umo au haumo. Asilimia 95 ni sifa ya njia uliyotumia: ukiirudia mara nyingi, mara 95 katika kila 100 itauzingira ukweli, na hii ya leo hujui ni ya kundi lipi. Nimelieleza hili kwa ufasaha saa nne asubuhi, na saa nane mchana wa siku hiyo hiyo nikalisema kimakosa mbele ya darasa jingine. Na ile mipaka ya moja katika ishirini ya kukubali au kukataa matokeo, mwanatakwimu Ronald Fisher aliieneza mwaka 1925 kwa sababu inafaa kwa matumizi. Nimeitafutia sababu nzito zaidi ya hiyo. Sijaipata, na bado nawakata wanafunzi alama wasipoitumia.

Kuhusu wale wanaosema "hisabati safi haina kazi", yaani ile inayosomwa kwa ajili yake yenyewe, sitasema mengi. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika mwaka 1940 kwamba hakuna aliyeona bado matumizi ya kivita ya nadharia ya namba, naye alijivunia hilo. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza njia ya kuficha ujumbe kwa namba tasa kubwa, na majeshi na mabenki hayakusubiri kualikwa.

Tuliporudi kwenye shauri la binti, sikumwambia achague lipi. Shemeji alikwenda kufuata mbege, nami nikaokota kijiti nikamchorea duara pale uwanjani chini ya migomba, nukta sita. Hakukimbilia kusema 32. Alichuchumaa akaanza kuhesabu kwa kidole, akapata 30. Nilikuwa nimezipanga sawa sawa kwa mazoea, ujinga wangu. Nikafuta moja kwa mguu, nikaisogeza. Akahesabu tena, akaniangalia, akarudia mara ya tatu.

"Mjomba, kumbe kimetoka wapi hiki?"

Shemeji akarudi na kata mkononi akatukuta tumeinama wote wawili. Akauliza ni vipande vingapi. Binti akamjibu, "Inategemea nukta umeziweka wapi, baba."

"Haya," shemeji akasema, akinipa mbege. "Watu wazima wawili, wasomi, na vipande vya duara vimewashinda kuhesabu."