Mchubuko: dawa inayochoma siyo inayoponya

Mtu akianguka goti likachubuka, wa kwanza kufika huuliza spiriti iko wapi. Ikishamwagwa, na majeruhi akaruka kwa maumivu, huambiwa kwa kuridhika kabisa: "Inachoma kwa sababu inaua wadudu." Katika yote yanayosemwa kuhusu michubuko, hili ndilo lililozaa mengine mengi, basi tuanze nalo.

Ni kweli spiriti inaua bakteria, ila haichagui cha kuua. Kwenye mchubuko, tabaka la juu la ngozi limekwanguliwa, na chini yake zimebaki seli hai zinazotegemewa kujenga ngozi mpya, pamoja na ncha nyingi za mishipa ya fahamu zisizo na kifuniko. Ndiyo maana mchubuko mpana unaweza kuuma kuliko mkato, hata kama damu ni matone tu. Ukimwaga spiriti hapo, unazichokoza ncha hizo na kuzidhuru seli ulizokuwa unazitegemea. Huko kuchoma hakuthibitishi chochote kuhusu wadudu.

Haidrojeni peroksaidi nayo ina mashabiki wake kwa sababu ya lile povu jeupe, linalodhaniwa kuwa uchafu unatoka. Povu lile ni oksijeni. Hutokea dawa inapokutana na kimeng'enya kiitwacho katalasi, ambacho kimo katika damu na seli za mwili wako mwenyewe, kwa hiyo hata jeraha safi kabisa litatoa povu.

Kinachofaa ni maji. Nawa mikono kwanza, kisha acha maji safi, yanayofaa kunywewa, yatiririke juu ya mchubuko kwa dakika 5 au zaidi. Sabuni ipite kwenye ngozi iliyo pembeni. Wengi huona maji ni kitu chepesi mno kuitwa tiba, lakini tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji maalumu ya chumvi ya hospitali hazikuona majeraha yaliyooshwa kwa bomba yakipata maambukizi zaidi. Mchanga uliong'ang'ania uondolewe taratibu kwa kibanio kilichofutwa kwa spiriti. Hiyo ndiyo kazi halali ya spiriti hapa. Usiuache ndani, kwani mbali na kuleta usaha, chembe zake zinaweza kufunikwa na ngozi mpya na kubaki kama alama ya bluu-nyeusi ya kudumu, mithili ya chale. Zikigoma kutoka, mwachie mhudumu wa afya.

"Usilifunike, liache lipate hewa likauke." Ushauri huu umerithiwa kizazi hadi kizazi, na nakiri unaingia akilini: kitu kikavu huonekana kimepona. Mwaka 1962, mtafiti George Winter alionyesha kinyume chake kwa majeraha mepesi kwenye ngozi ya nguruwe. Yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalifunikwa na ngozi mpya takriban mara mbili haraka kuliko yaliyoachwa wazi. Sababu ni kwamba seli za ngozi hupona kwa kutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, na hutambaa vizuri penye unyevu. Penye kigaga kikavu hulazimika kujipenyeza chini yake. Kwa hiyo paka mafuta ya mgando kidogo, kutoka kwenye chombo kisafi, kisha weka plasta au shashi isiyonata, ubadilishe kila siku na kila inapolowa au kuchafuka. Unyevu nao una kiasi chake: ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na kukunjamana, imelowa mno.

Kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake kwenye jeraha ni tabia nyingine ya kuacha. Dawa ile ilitengenezwa imezwe, na unga wake huganda juu ya jeraha na kuficha yanayoendelea chini. Hata krimu za antibiotiki hazihitajiki kwa mchubuko mdogo uliooshwa vizuri, na baadhi, hasa zenye neomaisini, huwasababishia watu wengine mzio unaowasha, ambao hudhaniwa kuwa jeraha limechacha.

Kuhusu pepopunda, kutu ya msumari imesingiziwa kwa muda mrefu kuwa ndiyo inayouleta. Bakteria wake hukaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na goti lililoburuzwa ardhini linaweza kuwakuta bila msumari wowote. Aliyekamilisha chanjo huhitaji nyongeza ikiwa imepita miaka 10 tangu dozi ya mwisho, au miaka 5 kama jeraha ni chafu. Asiyekumbuka kama alikamilisha chanjo akaulize kituo cha afya mapema, asingoje dalili.

Wengine hushtuka mchubuko unapowasha. Kuwasha kidogo kidonda kinapofunga ni kawaida. Cha kuogopa ni maumivu yanayozidi siku baada ya siku, uvimbe, joto, usaha, homa, au mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa. Eneo huwa jeusi zaidi au la zambarau, hivyo gusa ulinganishe joto na upande wa pili. Damu isiyokoma baada ya kukandamizwa dakika 10 mfululizo, bila kuchungulia kila mara, nayo ni ya hospitali. Mwenye kisukari aliyechubuka mguu asisubiri dalili hizi, kwani ganzi ya miguu inaweza kumfanya asihisi chochote.

Na lile doa jeusi linalobaki? Mara nyingi si kovu. Ni rangi ya ngozi iliyoongezeka baada ya uvimbe, na hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa. Jua hulikoleza, na kubandua kigaga kabla ya wakati wake hulianzisha upya.