Maumivu ya mguu kwa mjamzito: si kila mshipa unaouma ni wa siatiki

Wajawazito wengi wanaofika kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia huwa wameshajipa jina la ugonjwa. "Nina siatiki," mama anasema hata hajaketi. Ukimuuliza nani kamwambia, ni jirani, ni dada yake, ni simu. Malalamiko ya namna hii yamezidi hadi tukaagizwa tuandike. Basi tuanze na lile ambalo halitapendeza kila mtu: wengi wanaokuja na jina hilo hawana siatiki. Maumivu wanayo, tena makali, na hakuna anayewaambia wanajidekeza. Ila kinachouma ni kitu kingine, na dawa ya kitu kimoja inaweza kuchochea kingine.

Lugha nayo inatuponza. "Mshipa" katika mazungumzo ya kila siku ni njia ya damu, ni neva (mshipa wa fahamu), na wapo wanaoita ngiri kwa neno hilohilo. Mtu akisema mshipa umembana, mkunga anabaki kubahatisha. Neva ya siatiki ni ile nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole. Mizizi yake hutoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, hujiunga, hupita ndani ya tako chini ya msuli mdogo, hushuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti kwenda hadi unyayoni. Ikibanwa, maumivu hufuata njia hiyohiyo: kama shoti ya umeme au moto, pamoja na ganzi au hali ya kuchomwachomwa sindano, mara nyingi upande mmoja, na huvuka goti. Shika hilo la kuvuka goti.

Maumivu ya nyonga hayaendi hivyo. Hukaa kwenye vile vishimo viwili vya chini ya kiuno, ndani ya tako, au mbele kwenye mfupa wa kinena. Huzidi ukipanda ngazi, ukijigeuza kitandani, ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Yanaweza kuteremka pajani, lakini kwa kawaida huishia juu ya goti. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano huyapata. Diski ya mgongo (kile kijimto laini kati ya pingili) iliyochomoza hadi kubana neva, ambayo ndiyo siatiki yenyewe hasa, hukadiriwa kwa mjamzito mmoja kati ya 10,000. Katikati yake wapo wale ambao msuli wa tako umekaza na kuiudhi neva. Hao nao si wachache.

"Mtoto amekalia mshipa." Hii tunaisikia kila wiki, na wakati mwingine kutoka kwa mama mwenye mimba ya wiki 12. Katika wiki hiyo mtoto hajafikisha hata gramu 100. Atakalia nini? Kinachotokea ni kwamba homoni, relaksini ikiwa mojawapo, hulegeza kano zinazoshikilia viungo vya nyonga, tumbo linapokua uzito husogea mbele, kiuno hubinuka zaidi, na misuli ya mgongo na matako hufanya kazi ya ziada kukushikilia wima. Mwishoni mwa ujauzito kichwa cha mtoto kikishuka kinaweza kweli kugandamiza neva ndani ya nyonga, lakini hilo si la kusingizia miezi yote tisa.

Sasa nafuu. Nitakaa zaidi kwenye kulala, kwa sababu huko ndiko tunakoona nafuu ya haraka kuliko video zote za mazoezi. Lala ubavu. Kuanzia wiki ya 28 tunashauri hivyo hata kwa asiye na maumivu, kwa usalama wa mtoto. Kushoto au kulia, vyote sawa, na ukijikuta umelala chali usiku geuka tu bila kuingiwa na hofu. Neva inapouma upande wa kulia, wengi hupumua wakilalia upande wa kushoto. Mto wa katikati ya miguu uanzie magotini ufike hadi kwenye vifundo. Mto mdogo unaoshika magoti pekee huacha mguu wa juu ukining'inia na kuvuta nyonga usiku kucha, halafu asubuhi unasema mto haukusaidia. Mto mwingine mwembamba uweke chini ya tumbo.

Kugeuka: bana magoti pamoja, yakunje kidogo, kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kisha geuza mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo linaloviringishwa. Kuamka: geukia ubavu kwanza, teremsha miguu yote miwili pamoja, ndipo ujisukume kwa mikono hadi uketi. Keti hapo kidogo kabla ya kusimama. Kunyanyuka moja kwa moja kutoka chali, ukijivuta kwa mkono wa mwenzio, ndiko kunakowarudisha wengi kwetu.

Mchana, usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Kiti kiwe kigumu kiasi, chenye mgongo, na taulo iliyokunjwa nyuma ya kiuno. Vaa nguo umeketi. Mzigo ugawe mikono miwili. Viatu virefu mwenyewe unajua.

Kwa mazoezi, piga magoti na mikono sakafuni, pandisha mgongo taratibu kama paka, kisha urudishe uwe sawa bila kuuacha ubonyee. Mara 10 zinatosha. Kwa tako lililokaza, keti kitini, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, inama mbele kidogo na mgongo ukiwa umenyooka hadi uhisi mvuto, shikilia sekunde 20 hadi 30. Ukihisi kinena kinauma, acha zoezi hilo. Wewe huenda ni wa nyonga, na kupanua mapaja kutakuongezea. Hapa ndipo tofauti niliyoanza nayo inapohusika. Kutembea kwenye tambarare na kufanya mazoezi ndani ya maji huwafaa wa makundi yote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016 wa huduma kwa wajawazito, linapendekeza mazoezi ya kawaida katika ujauzito wote ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na kwa matibabu linataja fiziotherapia, mikanda ya kushikilia na tiba ya sindano nyembamba. Kulala kitandani siku nzima halilitaji.

Mkanda wa nyonga hufungwa chini ya tumbo, si juu yake, na hauvaliwi usiku. Kitambaa cha moto vuguvugu mgongoni au kwenye tako, dakika 15, ni sawa. Kujitumbukiza kwenye maji ya moto hadi jasho litoke si sawa. Kuchuliwa taratibu mgongoni na matakoni ukiwa umelala ubavu hakuna ubaya. Kuchuliwa tumbo ili "kumsogeza mtoto aachie mshipa" hatukubali, na tungependa hili lisihitaji kurudiwa.

Kuhusu dawa itabidi tuseme waziwazi. Diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na nyingine za kundi hilo, si za kujinunulia ukiwa mjamzito. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba zikitumiwa kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kuanzia wiki ya 30 huongezeka hatari ya kufunga mapema mshipa wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao hupaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Kuna wanaotuambia, "Sikumeza vidonge, nilichomwa sindano tu." Sindano ya diklofenaki ni diklofenaki. Jeli ya kupaka nayo uulize kwanza. Lakini aspirini ya dozi ndogo uliyoandikiwa kliniki kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba ni habari nyingine: usiiache kwa sababu umesoma makala haya.

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache. Vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, angalau saa 4 hadi 6 zipite kabla ya kurudia, na visizidi vinane katika saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au tatizo la ini apangiwe dozi yake. Soma pia dawa ya mafua unayotumia, nyingi zina parasetamoli ndani. Vitamini B zinazouzwa kama "dawa ya neva" hazilegezi neva iliyobanwa. Dawa za mitishamba, kama huwezi kututajia kilichomo, hatuwezi kukuambia ni salama.

Ukija kwetu, njoo na kadi ya kliniki na vifungashio vya dawa zote ulizotumia, hata za kuazima. Tutakuuliza maumivu yanaishia wapi, na tunataka uonyeshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja. Tutainua mguu wako ukiwa umenyooka, tutapima nguvu ya kidole gumba cha mguu, tutagusa ngozi ya mguu kutafuta ganzi, tutagonga goti na kisigino. Haya huchukua muda, na hayafanyiki kwa simu. Eksirei haihitajiki kwa kawaida. Ikilazimu picha, kipimo cha MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) bila dawa ya kuchoma mshipani kinaweza kufanywa katika ujauzito.

Usisubiri miadi ukipatwa na ganzi sehemu za siri au eneo unalokalia ukiketi, ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo au choo, nguvu ya mguu ikipungua hadi unyayo unaburuta, au miguu yote miwili ikishikwa kwa pamoja. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, ikiwezekana saa hiyohiyo. Vivyo hivyo homa yenye maumivu ya ubavuni au mkojo unaochoma, kutokwa damu, na maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, kwani hayo huenda ni uchungu. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, shavu la mguu likauma, usiuchue na usiunyooshe. Huenda ni damu iliyoganda, ambayo huwapata wajawazito zaidi ya wengine na ina matibabu yake ya haraka.

Kuhusu kujifungua, tatizo hili peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mwambie mkunga mapema, aandike kwenye kadi upande unaouma na umbali unaoweza kutanua mapaja bila maumivu, maana ukishachomwa ganzi ya mgongo hutahisi unapovutwa kupita kiasi. Kulala ubavu au kupiga magoti na mikono hufaa zaidi kuliko kulala chali miguu ikiwa juu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache baada ya kuzaa. Kama baada ya kujifungua huwezi kunyanyua unyayo, usingoje kliniki ya wiki ya 6. Sema kabla hujaruhusiwa kutoka wodini.