Geto lilikuwa na lango

Hii ni mara ya tatu muhula huu. Nimemaliza kipindi, mwanafunzi kanifuata mlangoni: "Mwalimu, kumbe Wayahudi nao walikaa geto? Si walikuwa matajiri?" Geto kwake ni uswahilini, au chumba chake cha kupanga, godoro chini na spika kubwa.

Sikiliza, mdogo wangu. Tarehe 29 Machi 1516 Seneti ya Venice iliamuru Wayahudi wahamie kisiwa kimoja kidogo huko Cannaregio, mtaa wa mji huo. Hilo ndilo geto lenyewe. Tajiri, fukara, mwenye duka la rehani, muuza mitumba: wote ndani. Usiku malango yanafungwa, asubuhi kengele ya San Marco ikilia yanafunguliwa. Walinzi ni Wakristo, mshahara wao wanatoa Wayahudi. Unafungiwa, na mlinzi unamlipa wewe! Watu wakazidi, kisiwa hakikui, nyumba zikapanda hadi ghorofa saba, dari chini.

Kwa hiyo ukiniambia kila mtaa wa Wayahudi ni geto, nitakuuliza funguo anashika nani. Le Marais, mtaa wa Wayahudi wa Paris, hauna lango. Kazimierz, mtaa wa Kraków huko Poland, Wayahudi waliishi karne na karne. Geto Wanazi waliliweka ng'ambo ya mto, Podgórze, 1941.

Linalonichosha kuliko yote ni majina ya sehemu mbili za geto la Venice. Ghetto Vecchio ni "la zamani", Ghetto Nuovo ni "jipya", basi kila mtu anaapa kwamba Wayahudi walianzia la zamani. Walianzia jipya! La zamani waliongezewa 1541, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kiyahudi kutoka dola ya Waturuki. Uzamani ule ni wa kiwanda cha kusubu shaba kilichokuwapo kabla yao, na "geto" ya Kiveneto, lugha ya Venice, ndiko kusubu kwenyewe.

Hapo nami huwa napita mbiombio. Neno hilo lilitamkwa "jeto". Nafundisha kwamba g yetu hii ngumu waliileta Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, kwa ulimi wao. Maelezo matamu, ila wapo wataalamu wanaoikataa hadithi nzima ya kiwanda, na sijawahi kuwajibu nikaridhika.

Malango yalivunjwa na kuchomwa 1797, jeshi la Napoleon lilipoingia. Ukifika, simama kwenye ujia wa kuingilia Ghetto Vecchio utazame mawe ya pembeni. Matundu ya bawaba bado yapo.